Ngazi Hazileti Isale

Kiboriloni,
Moshi.
10 Novemba 1996

Mpendwa kaka yangu Wenseslaus,

Shikamoo kaka. Pokea salamu za nyumba nzima, za huku chini Kiboriloni na za kule juu nyumbani Kirua Vunjo. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Wewe na wifi mnaendeleaje? Yule mtoto aliyekuwa akisumbuliwa na homa amepata nafuu? Na joto la Mpanda ulilosema linakausha hata mate, limepungua au mmeshalizoea? Nauliza kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa na ukali mwingi lakini haikuwa na neno hata moja kuhusu afya yako, nami siwezi kubishana na mtu ambaye sijui kama ni mzima.

Mama hajambo. Goti lake ni lilelile, huanza kuuma wingu likiwa bado liko upande wa Taveta. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Kahawa imekubali, hasa ile ya karibu na mfereji, na siku hizi wanunuzi binafsi wanapanda mpaka uani na mizani zao, huku watu wa chama cha msingi wakituona wasaliti. Mama amewaambia wote kwamba kahawa ile aliipanda marehemu baba, na atamuuzia yule anayejua kusalimia. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Mume wangu Ebenezeri anakusalimu sana. Bado anadai kwamba ibada yao ya Kilutheri kule Mwika ni fupi kuliko misa yetu. Si kweli, na yeye anajua si kweli.

Sasa nije kwenye jambo lililokufanya uandike kwa hasira. Julius, mtoto wa Mzee Wilson, alipopita huko na lori la mahindi alikuambia kwamba mdogo wetu Dominika amemshtaki mtu wa kijijini kwetu, na kwamba mtu huyo alipoleta nyumbani jani la isale kuomba radhi, Dominika alilikataa. Nawe ukaandika kwamba tangu enzi za babu hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekataa isale, kwamba Dominika ametutia aibu na kutuitia laana, na kwamba aombe radhi, afute mashtaka na arudi mlimani, mtamlisha.

Kaka, tangu baba afariki nakuheshimu kama baba. Lakini Julius amekuletea habari nusu. Simwiti mwongo. Aliondoka katikati ya mazungumzo ili awahi gari la mwisho la kuteremka mjini, na nusu aliyoondoka nayo ndiyo aliyokufikishia. Mimi nilikuwapo mpaka tunaosha vyombo. Kwa hiyo kaa kitako, mwite wifi na watoto, nikueleze yote, na ukimaliza kusoma natumaini utajivuna kama ninavyojivuna mimi.

Najua watoto wako wamezaliwa huko na shangazi yao humwona siku chache tu za Krismasi. Basi waambie hivi. Polio ilimshika Dominika kabla hajamaliza kujifunza kutembea, na miguu yake haikupata nguvu tena. Anatembea kwa ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Anakaa kwangu hapa Kiboriloni, ana cherehani ya mkono, na kazi yake ni kurekebisha mitumba pale soko la Kiboriloni. Mtu ananunua suruali iliyoshonewa Mzungu mwenye tumbo kubwa, anampelekea Dominika, na baada ya muda anatoka nayo kana kwamba alipimiwa. Meza yake iko karibu na lango, mahali ambapo baiskeli inafika bila kuzama kwenye tope. Wateja wanamfuata kutoka hata Himo.

Kila mwaka huenda mjini kukata kibali cha meza hiyo katika ofisi moja ambayo sitaitaja, maana barua hupita mikono mingi. Zamani ofisi hiyo ilikuwa chini. Mlangoni kulikuwa na kizingiti kidogo tu, mtu anakusukuma kidogo, unafika mpaka mezani. Lakini unajua mambo ya siku hizi, kila chumba kinachotazama barabara kimegeuka duka. Chumba cha chini wamemkodishia muuza redio na kaseti, na ofisi ikahamishiwa juu, kwenye ngazi za saruji zilizosimama kama za kupandia darini.

Mwaka huu nilifuatana naye. Alipoziona ngazi aliomba mtu ashuke amhudumie. Tukasubiri, watu wakatupita wakipanda na kushuka. Mwishowe akatokea juu ya ngazi Fabian, mtoto wa Mzee Eliona, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Ndiye mkubwa wa dawati hilo sasa. Huyo ni Fabian uliyemfundisha wewe mwenyewe kuendesha baiskeli, na aliyekula mtori wa mama mara nyingi kuliko wajukuu wake. Alituona, akatujua, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye duka la kaseti:

“Ofisi haishuki ngazi. Kama huwezi kupanda, mtume mtu mzima.”

Dominika aliifunga baiskeli yake kwa mnyororo, akakaza kanga kiunoni, akaanza kupanda kwa mikono, akijivuta ngazi moja baada ya nyingine. Nilitaka kumbeba, akanizuia kwa jicho tu. Watu walisimama ukutani kumpisha, wengine wakageuza nyuso. Kaka, sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wakiangalia viatu vyao.

Alipofika juu, Fabian alimwambia kwamba nafasi ya langoni amepewa mtu mwingine. Baiskeli yake inaziba njia, akasema, na mteja hapendi kukaribishwa sokoni na ulemavu. Kama anataka, akae kule nyuma penye mtaro, na kama hataki, ana ndugu zake, wamtunze. Halafu akafunga dirisha akaenda kula. Dominika akashuka vilevile alivyopanda.

Mimi nililia mpaka nyumbani. Yeye hakulia. Alinawa mikono, akakaa kwenye cherehani, akamalizia gauni la mteja aliyekuwa amemwahidi. Nilipandwa na hasira, nikachukua mwiko wa ugali nirudi mjini, na Ebenezeri ni shahidi kwa sababu ndiye aliyeuficha. Dominika akasema bila kuinua macho:

“Dada, ukimpiga utafungwa wewe, na mwakani nitazipanda ngazi zilezile.”

Kesho yake alianza safari zake. Alikwenda kwa Bi Priska, mama mmoja anayefanya kazi za ustawi wa jamii, akaenda kwa diwani wetu, akaenda kwenye chama chao cha watu wenye ulemavu. Kila mahali alieleza yaliyotokea bila kutia chumvi: nani alisema, alisema nini, na kwamba amenyang'anywa nafasi yake kwa sababu ya miguu yake na si kwa kosa lolote.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipoanza kumwona mdogo wetu kwa jicho jingine. Sisi wengine tukionewa tunalalamika, tukishalalamika tunarudi nyumbani kifua kikiwa chepesi, na mambo yanabaki palepale. Dominika alilalamika, kisha akasema anataka nini. Alitaka dirisha la kuhudumiwa chini. Alitaka njia ya mteremko pale mlangoni, ya kupitisha baiskeli. Alitaka meza yake irudi langoni. Na alitaka choo cha soko kiwe na mlango mpana, kwa sababu tangu aanze kazi pale, kaka, siku nzima hanywi chai wala maji. Hilo mimi dada yake wa karibu sikulijua mpaka nilipomsikia akimweleza Bi Priska.

Si kila mtu alimpenda kwa ajili ya hayo. Sokoni wako waliomwambia ashukuru kwamba anaruhusiwa hata kukaa. Wengine walisema anajipendekeza kwa wakubwa. Mmoja alikuja mpaka mezani kumshauri kwamba mtu mwenye hali kama yake huenda na upole. Dominika akamuuliza kama suruali yake imemkaa vizuri, akasema imemkaa, basi akamwambia aende salama. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu wengi wanaishika ile nusu ya kwanza tu.

Baada ya muda habari zikamfika Fabian kwamba mambo yake yanafuatiliwa na huenda akaondolewa kazini. Ndipo ukoo wake ukaamua kuleta isale.

Waeleze watoto wako hapa, maana huko hawalijui. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi. Hata kama kosa ni la damu. Ukilikataa, kosa linahama kutoka kwake linakuja kwako. Ndiyo maana barua yako ilikuwa kali, nami nakuelewa.

Walikuja Jumapili baada ya misa, kule nyumbani Kirua. Alikuja Fabian na baba yake, Mzee Eliona, na aliyetangulia mbele yao ni Mzee Elisaria, ambaye sasa ndiye mkubwa kuliko wazee wote wa upande wetu. Walileta pombe nzuri ya mbege, ndizi zake zilikuwa zimeiva barabara. Tuliwapokea kwa heshima zote. Na kwa kuwa nyumba uliyoijenga pale ndiyo nzuri kuliko zote mtaani, na baraza lake lililoinuka linaonekana tangu barabarani, tuliwaketisha kwenye baraza lako, kama tunavyowaketisha wageni wote wa maana.

Dominika alikuwa chini uani, karibu na migomba, kwenye baiskeli yake. Ndipo anapokaa siku zote tukiwa na wageni kwako.

Mzee Elisaria alisema maneno ya kufungua, akaeleza tulivyo majirani na tulivyochangia maji ya mfereji mmoja tangu mababu. Kisha akamwita Dominika apande aje kupokea isale. Mama akatazama mikono yake. Dominika akajibu kwa adabu kabisa:

“Babu, mimi niko hapa.”

Mzee yule akamtazama, akazitazama ngazi za baraza lako, akazitazama muda mrefu kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ametoka kuzipanda. Halafu akamgeukia Fabian akamwambia neno moja tu: “Shuka.” Unaujua ule msemo, aliye juu mngoje chini. Siku hiyo niliuona ukitembea kwa miguu. Fabian alishuka na jani lake mikononi mbele ya watu wote, mpaka uani, akainama mbele ya baiskeli ya Dominika, akarudia alichokisema ngazini na akakiri kwamba alikisema, akaomba msamaha.

Na Dominika akalipokea. Kaka, rudia kusoma hapo. Alilipokea isale kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akanywa mbege kwenye kata, akampa Fabian naye akanywa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe, niliyekuwa na mwiko, nilipiga.

Kisha Mzee Elisaria akasema lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa akilitarajia. “Basi, mwanangu, neno limelala. Kesho utakwenda mjini, uwaambie umefuta yote.”

Dominika akasema hapana.

Ni hapo hasa Julius aliposimama, akatikisa kichwa na kukimbilia gari. Kwa hiyo hapana ile ndiyo iliyopanda lori la mahindi mpaka Mpanda. Laiti angekosa gari.

Haya ndiyo yaliyofuata, nami nakuandikia kama yalivyotoka kinywani mwake, maana siku ile nzima niliyarudia kichwani nisiyasahau. “Babu, Fabian ameniletea isale, nami nimemsamehe. Sina neno naye tena, na kesho nitawaambia wasimfuatilie wala wasimwondoe kazini. Lakini zile ngazi hazijaniletea isale. Ngazi hazijui kuomba radhi. Nikifuta yote, ipo siku pale juu atakaa mtu mwingine asiyetujua, nami nitapanda tena kwa mikono. Na si mimi peke yangu. Atapanda mwenzangu wa Mwika aliyekatwa mguu, na atapanda mama yeyote mwenye goti kama la mama yangu.”

Mzee Eliona alikasirika. Alisema huko ni kupokea kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine, na kwamba hajapata kuona msamaha wenye mkia. Mabishano yakaingia Kichagga, na mengine yaliyosemwa ni afadhali yabaki hukohuko. Mimi nilijua vizuri kilichokuwa kinapimwa pale. Kama wazee wangeamua kwamba amelikataa isale, Dominika asingekuwa na mahali pa kuweka uso wake mlimani, hata siku ya kumzika mtu wetu. Na kama angefuta, asingekuwa na meza sokoni. Alikuwa anaambiwa achague kati ya nyumbani na riziki yake, na alikuwa amekaa pale ametulia, jani liko mapajani, anasubiri kama mtu anayesubiri pasi ya mkaa ishike moto.

Mzee Elisaria aliwaacha wachoke. Kisha akamuuliza Fabian kama ameona amesamehewa. Fabian akasema, “Nimesamehewa, babu. Nimeliona kwa macho yake.” Ndipo mzee akatoa hukumu yake, na tangu siku ile watu wanairudia mpaka kilabuni: “Isale ni la mtu na mtu. Limeletwa, limepokelewa, hayo yamekwisha. Nyumba haisamehewi. Nyumba yenye kosa hurekebishwa.” Akainua kata yake akanywa. Hata Mzee Eliona alikunywa, ingawa alitazama pembeni.

Kwa hiyo hakuna laana, kaka, na hakuna aibu. Kama kuna jina la ukoo wetu lililotajwa mlimani mwaka huu, limetajwa kwa ajili ya maneno yale.

Dominika alitimiza ahadi. Aliwaambia kina Bi Priska kwamba kwa Fabian yamekwisha, lakini maombi yake mengine yako palepale. Wakubwa wa ofisi wakampangia siku ya kusikilizwa, na unajua wapi? Juu. Walimwita apande ngazi ili waje kuzungumza habari za ngazi. Nilicheka mpaka Ebenezeri akadhani naumwa.

Tulifika siku hiyo, mimi, yeye na diwani, tukakaa chini penye uwanja mdogo wa nyuma. Dominika alisema hapandi. Karani alishuka, akapanda, akashuka tena. Kisha tukasikia viatu vingi, na aliyetangulia ni Fabian amebeba kiti kila mkono. Akaviweka, akapanda, akarudi na meza amejitwika kichwani kama mkungu wa ndizi. Wakubwa zake wakamfuata nyuma, hawakuwa na jinsi, viti vyao vilikuwa vimeshashuka.

Walijaribu kusema kwamba jengo ni la kukodi, kwamba fungu halipo, na kwamba hakuna mwingine aliyewahi kulalamika. Fabian akaomba kusema. Hakuwa analazimika tena, kosa lake lilikuwa limeshafutwa, angeweza kunyamaza akabaki salama. Alisema, “Mimi ndiye niliyemwambia ofisi haishuki ngazi. Leo imeshuka, na kazi inaendelea. Wengine hawakulalamika kwa sababu walirudia hapa chini.” Mimi nilikuwa nimemsamehe kwa midomo tu mpaka siku ile. Alipokaa, nilimsamehe kweli.

Sitakuchosha na mengine. Chumba kidogo kilichokuwa stoo chini ya ngazi kimetobolewa dirisha, na karani anakaa hapo asubuhi. Pale mlangoni wamemwaga zege la mteremko, na ukingo wa chuma wa kushikilia. Meza ya Dominika imerudi langoni na kibali anacho. Choo bado. Kila wiki anapita kuuliza habari za choo, na nasikia wakiiona tu baiskeli yake inakunja kona wanaanza kutafutana.

Siku ya kwanza alivaa lile gauni la bluu alilojishonea Pasaka. Alipanda mteremko ule kwa mikono yake akizungusha baiskeli, hakusukumwa na mtu, akafika dirishani, akasalimia, akahudumiwa, akageuza akatoka. Ni jambo dogo sana kulitazama. Mtu mgeni angepita asione kitu. Mimi nilisimama kando ya duka la kaseti nikalia tena, lakini safari hii kwa raha. Tangu hapo akina mama wa ndizi wameuteka mteremko huo, hakuna anayetaka tena kuinua mguu na mzigo kichwani. Wanamtania Dominika kwamba atoze ushuru.

Umeandika arudi mlimani mtamlisha. Kaka, kwa heshima yote, Dominika hajalishwa na mtu tangu alipojua kushika sindano. Dawa za goti la mama ananunua yeye. Sare ya shule ya binti yangu Doris aliishona yeye, na alinikatalia malipo. Kama kuna siku atahitaji kulishwa tutamlisha, kama atakavyotulisha sisi. Lakini asiitwe nyumbani kwa sababu mtu fulani hakutaka kumwona mlangoni.

Bado neno moja, nalo ni gumu kwangu kuliko yote niliyoandika. Mnakuja Krismasi, nasi tunawasubiri kwa furaha. Mama ameshatenga mbuzi. Tutakula kwenye baraza lako kama kila mwaka. Na kama kila mwaka, Dominika atakula chini uani, na mama atashuka na goti lake kwenda kukaa naye, halafu sote tutasema mama anapenda kivuli cha migomba. Nyumba yako ni nzuri, naisifu kwa kila mtu. Lakini ngazi zake ni ndugu wa ngazi za ile ofisi. Dominika hajanituma kuandika haya wala hajui. Yeye kwako hajawahi kuomba kitu.

Jana nilipopanda kumwona mama, nilipita kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, upande wa kaburi la baba, nikakata jani la isale. Utalikuta ndani ya bahasha hii. Sikulifunga fundo, maana fundo hufungwa na mwenye neno. Ulimwita aibu, kaka, na barua yako aliisoma mwenyewe, akaikunja vizuri akairudisha mezani, akaendelea kushona. Huko Mpanda sijui kama isale linaota, na sikutaka ufike Desemba ukiwa mikono mitupu. Ukilileta atalipokea, tena kwa mikono miwili. Hilo nakuapia.

Na ukishasamehewa, unakumbuka hukumu ya Mzee Elisaria. Mchanga upo mtoni. Ebenezeri anajua kuchanganya zege, na Fabian amesema atakuja na koleo lake.

Msalimie sana wifi Violet, mwambie kanga aliyonitumia naivalia misa. Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama anawaombea kila jioni kwenye rozari na kuwataja kwa sauti ili Mungu asichanganye. Primus, mdogo wetu anayelinda kihamba, anakusalimu na anauliza kama utamletea zile mbegu za mahindi. Dominika anakusalimu pia. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuulize vipimo vya suruali yako, kwa kuwa Krismasi iliyopita aliona umekonda.

Mungu aliyewatoa hapa salama awafungulie njia mpaka mfike, na njia hiyo iwe tambarare.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, hata ninapokukosoa,

Salvina